Mchungaji Asiye na Mifugo

Nilipokuwa mtoto kule Mtinko, niliamini kwamba mchungaji ni mtu mwenye fimbo na mifugo, na kwamba mchungaji asiye na mifugo ni mtu wa kuhurumiwa. Sikuwa mjinga. Hiyo ndiyo maana ya neno hilo, na hata leo, nikiwa mzee wa kanisa mwenye kiti changu cha mbele, sijaona mtu wa kunibishia. Tatizo ni kwamba neno hilohilo lilikuwa na maana nyingine ambayo hakuna aliyeniambia, na mimi kwa kujiona najua sikuuliza.

Kiswahili changu nilikiokota mnadani. Shangazi yangu aliolewa Singida mjini na mfanyabiashara wa ngozi, nikapelekwa kwake kumlelea mtoto. Huko nilijifunza lugha ya watu waliokuwa wakipita mlangoni: mbuzi, kondoo, chumvi, ngozi, punguza, ongeza, mchungaji wake yuko wapi, fungeni duka Bwana Shauri anakuja, yaani mzungu wa serikali. Niliporudi nyumbani nilikuwa mtoto pekee katika ukoo wetu anayeweza kuongea na mgeni. Enzi hizo za Mwingereza, kwa watu wa vijijini kama sisi, Kiswahili kilikuwa cha makarani na askari wa kodi. Nyumbani tulisema Kinyaturu tu, na maneno ya watu wangu ninayoyaandika hapa yalisemwa kwa lugha hiyo.

Basi nikavimba kichwa, na aliyenivimbisha zaidi ni babu yangu, Mzee Ntandu.

“Mke wangu,” alikuwa akiniambia, maana ndivyo babu zetu wanavyowaita wajukuu wa kike, “mimi nina ulimi mmoja, wewe una ndimi mbili. Siku ukiniacha nitakufa njaa.”

Bibi, ambaye aliniita mke mwenzake, alikuwa akijibu kutoka jikoni kwamba ulimi wa pili haujawahi kusonga ugali.

Babu hakuwa mganga. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu zangu, nikianza kusimulia habari zake, hushusha sauti kana kwamba nimetaja jambo la gizani. Kazi yake ilifanyika mchana kweupe, mbele ya watu. Yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kondoo wa mvua. Mbingu zikifunga, alitoa zizini kondoo mweusi asiye na doa, akawaongoza watu mpaka kwenye jabali la ukoo. Kwetu majabali ni mengi, mengine makubwa kuliko nyumba, lakini lile lilikuwa na wenyewe. Hapo babu alisimama akitazama jua linapochomoza, macho wazi, akamwomba Mungu na kuwataja waliotangulia. Kondoo akachinjwa, watu wakakaa chini pamoja na kula.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kondoo wa mvua akishatolewa zizini kwa kazi hiyo harudi tena akiwa hai. La pili, watu wote wakae pamoja. Nyumba moja ikijitenga inaacha pengo, na mvua, alivyosema babu, hupita kwenye pengo hilo ikaenda kunyesha kwa wengine.

Mwaka ninaousimulia, mvua za kupandia zilinyesha vizuri, halafu mbingu zikakauka. Uwele ulikuwa umefika magotini. Ukaanza kujikunja majani, na ule upepo wetu wa Singida usiojua kuchoka ukawa unaukausha mchana kutwa. Ugonjwa wa mifugo ulikuwa umepita zizini, na kati ya kondoo weusi wa babu alibaki jike mmoja tu, mnene, mpole, aliyezoea kulamba chumvi kiganjani mwangu.

Na pengo lilikuwepo. Mwaka uliotangulia alikuja kijijini kwetu mwalimu wa dini kutoka Iramba, kijana mwembamba mwenye adabu, jina lake Samweli. Alijenga kanisa la fito na nyasi, akatundika chuma cha gurudumu la gari awe anakigonga Jumapili. Alijaribu kuhubiri Kinyaturu, lakini kila sentensi ilichanganyika na Kinyiramba, watu wakawa wanaangua kicheko palipotakiwa toba. Mwishowe akarudi kwenye Kiswahili, lugha ya kitabu chake. Nyumba nyingi zilimfuata, na katika hao alikuwemo baba yangu, Mughenyi, mtoto wa pekee wa kiume wa babu. Wale waliomfuata walisema hawatakaa tena jabalini.

Baba na babu hawakugombana. Waliishi ndani ya uzio mmoja wa minyaa na kula chungu kimoja. Lakini mvua ilipotajwa, bibi alianza kuzungumzia kuku.

“Kondoo ni mmoja,” babu aliniambia siku moja tukiwa zizini. “Watu ni nusu. Nikimchinja huyu na nusu ya watu hawapo, nitakuwa nimemwaga damu bure, na mwingine sina.” Akafikiri kidogo. “Wewe una ndimi mbili. Jumapili nenda pale kwao, usikilize wanamwomba nani na wanamwombaje. Usiniletee ya kukisia. Niletee ya kusikia.”

Nilikwenda. Nilikaa nje pamoja na watoto wengine, kwenye uwazi ulioachwa kuwa dirisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wakisali kwa namna ile na nakumbuka niliogopa. Waliimba bila ngoma, wote kwa sauti moja, nyimbo ndefu zisizo na kibwagizo cha kuchezea. Kisha wakafumba macho. Baba yangu naye alifumba, mtu mzima, mchana, mbele za watu. Kwetu hakuna aliyemwomba Mungu macho yakiwa yamefumbwa. Nilijiuliza, sasa huyo wanayemwomba akipita, watamwonaje?

Halafu Mwalimu Samweli akatangaza. Alisema Jumapili ijayo Mchungaji, mzungu wa misheni, atakuja. Alisema wataandaa Meza ya Bwana. Alisema habari ya Mwana-kondoo aliyechinjwa kwa ajili ya watu wote, na damu yake iondoayo ubaya wa watu. Maneno yote niliyajua. Hakuna hata moja lililonipita, na hilo ndilo lililoniponza. Ningekuwa sijui neno moja tu, pengine ningeuliza.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Babu alikuwa anasokota kamba.

“Babu, kuna mchungaji anakuja.”

“Mchungaji wa nani?”

“Wa kwao. Ni mzungu. Lakini sikuona mifugo yoyote pale, hata mbuzi.”

“Mchungaji asiye na mifugo,” babu akasema kwa masikitiko. “Labda ugonjwa umemmalizia. Haya, anakuja kufanya nini?”

“Wanaweka meza ya Bwana Shauri. Wanachinja mtoto wa kondoo kwa ajili ya watu wote, na damu yake inaondoa ubaya.”

Babu akaacha kusokota. Nakumbuka mikono yake ilivyobaki hewani na nyuzi zikining'inia.

“Rudia.”

Nikarudia. Akaniuliza kama nina hakika ni kondoo, si mbuzi, maana mbuzi hulia akichinjwa na kondoo hunyamaza, na kwa kazi hiyo tofauti ni kubwa. Nikamwambia ni kondoo, nimesikia kwa masikio yangu. Akaniuliza kama watu wote wanakaa pamoja. Nikamwambia wote, kwenye meza moja.

“Kumbe ni kitu kilekile,” alisema polepole. Uso wake ulikunjuka mpaka nikamwona alivyokuwa kijana. “Kumbe mwanangu hakutoka. Amekwenda kukaa upande wa pili wa kondoo yuleyule, na hakuna aliyeniambia.”

Akacheka peke yake. Alisema hao watu wana nia njema, ila mtoto wa kondoo hatoshi, hana uzito mbele ya ukame kama huu. Atawapelekea mkubwa. Pengo litazibwa, mvua itanyesha. Na nisimwambie baba.

“Nataka anione mlangoni,” alisema. “Nataka nimwone atakavyofurahi.”

Bibi ndiye pekee aliyejua, kwa sababu hakuna jambo lililofanyika zizini bila yeye kujua. Asubuhi ya Jumapili, baba akiwa ametangulia, alisimama kwenye mlango wa uzio akatuzuia.

“Baba Mughenyi, akishapita hapa harudi. Unajua.”

“Najua.”

“Na wakimkataa?”

“Nani anakataa kondoo?”

“Kondoo akikataliwa,” bibi akasema, “anayekataliwa si kondoo. Ni wewe.”

Babu akamwambia aache uchuro, na tukaondoka. Alikuwa amejifunga kaniki mpya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya maziko yake. Mimi nilitangulia na kibuyu cha maziwa. Yeye alifuata na kondoo. Sijawahi kutembea na mtu mwenye furaha kama ile. Njiani alinifundisha niseme nini, nikawa narudia kwa Kiswahili, na kila nilipomaliza aliitikia kana kwamba ameelewa.

Tulipofika walikuwa wanaimba. Mchungaji alikuwa amesimama mbele, mzungu mrefu aliyevaa joho jeusi mpaka miguuni. Babu akanifinya bega.

“Unaona? Nyeusi. Anaijua kazi yake.”

Nyeusi ndiyo rangi ya mawingu ya mvua. Hata mimi nilifurahi.

Wimbo ulipokwisha babu akaingia hatua moja ndani ya mlango, akapiga kondoo kofi dogo asogee, akasalimia. Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu Samweli akaja haraka, akauliza kuna nini, na babu akaniambia, “Sema, mke wangu.”

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya mnadani, kwa sababu sikuwa na nyingine, ili Mchungaji kule mbele asikie:

“Babu anasema, amesikia Mchungaji hana mifugo. Pole sana. Amekuletea kondoo. Mtoto wa kondoo hatoshi watu hawa wote. Huyu ni mkubwa. Mchinje, damu imwagike, tukae wote, mvua inyeshe.”

Halafu mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kanisa zima likalipuka. Wanawake walijifunika nyuso kwa kaniki mabega yakitikisika. Watoto wa dirishani walipiga ukuta kwa viganja. Walikuwa watu wetu, watu waliokula nyama ya kondoo wa babu jabalini miaka yote, na walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nadhani walicheka hivyo kwa sababu wao wenyewe walikuwa hawajamaliza mwaka tangu walipoanza kuelewa tofauti, lakini hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba wanacheka maneno yaliyotoka kinywani mwangu, na sikujua ni neno gani.

Babu naye akatabasamu kidogo. Alidhani ni furaha. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo, kwenye tabasamu lile.

Nilimtazama baba. Alikuwa kwenye benchi la mbele, ameketi na wale waliokuwa wabatizwe siku ile, amevaa shati jeupe la kuazima. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Mchungaji aliinua mkono na watu wakatulia. Mwalimu Samweli akamsogelea babu, na kwa Kinyaturu chake cha kuungaunga akasema kwa upole, “Mzee, huyo Mwana-kondoo si kondoo. Ni mtu.”

“Mtu?” babu akauliza, na watu wakacheka tena.

“Mtu. Ndiye Bwana mwenyewe.”

Babu akawatazama watu wote mle ndani, mmoja mmoja, akafika kwa mwanawe, akarudi kwa mwalimu.

“Mnachinja mtu?”

Kicheko kilikatika. Miaka ile, kwetu, habari za watu kuuawa porini na simba wanaosemekana ni watu hazikuwa mzaha. Mwalimu alijikwaa kwenye maneno, akasema hapana, mzee, aliuawa zamani, mara moja tu, kwa ajili ya wote.

“Kwa hiyo hamhitaji kondoo.”

“Hatuhitaji, mzee.”

“Nimesikia,” babu akasema, na akarudi nyuma hatua ileile moja aliyoingia nayo.

Niliona aibu. Nimezeeka na nimeona aibu nyingine nyingi, lakini zote napima kwa ile. Nilitamani kibuyu kile cha maziwa kingekuwa kikubwa nijifiche nyuma yake. Nilimwonea aibu babu, na kaniki yake, na kondoo aliyekuwa ameanza kutafuna nyasi za ukuta wa kanisa. Nilitaka twende nyumbani mbio.

Lakini hatukuweza kwenda. Kondoo alikuwa ametoka zizini. Hapa hawamtaki, kule harudi, na jabalini hakuna watu. Babu akakaa juu ya jiwe nje ya kanisa, juani, kamba mkononi, akaniambia, “Tukae kwanza.”

Tukakaa, na ibada ikaendelea. Tulisikia wanaitwa mmoja mmoja, maji yanamwagwa, wanapewa majina.

“Wamesema nini?” babu akauliza zamu ya baba ilipofika. Alikuwa ameitambua sauti ya mwanawe.

“Wamempa baba jina jipya. Yohana.”

Akalijaribu mdomoni mara kadhaa, likamshinda kidogo.

“Na lile nililompa mimi?”

Kila neno la Kiswahili nilikuwa nimeanza kuliogopa.

Watu walipotoka walipita mbele yetu. Wengine walisalimia wakiangalia pembeni. Watoto walilia kama kondoo. Babu akainuka, akamfunga kondoo kwenye nguzo ndogo iliyochomekwa kando ya mlango wa kanisa, akamwambia Mwalimu Samweli, “Mimi nimeshamtoa. Kumrudisha siwezi. Kama hamumhitaji, mfungueni ninyi.” Tukaenda zetu.

Alasiri hiyohiyo baba alikuja nyumbani na mwalimu. Baba alikuwa na fimbo. Nilikuwa nimekaa karibu na bibi, na nilipoiona nilijua ni ya kumchapa nani.

“Baba, nani alikuambia habari ile?” baba akauliza. “Huyu mtoto alikuwa dirishani Jumapili iliyopita. Yeye ndiye aliyekuletea maneno. Amekudhalilisha wewe, amenidhalilisha mimi siku ya ubatizo wangu.”

Babu alikuwa anasokota kamba ileile ya siku ile. Hakuinua macho.

“Mtoto aliniambia vizuri,” alisema. “Aliniambia ni mtu. Mimi nikasikia kondoo. Masikio yamezeeka, Mughenyi. Mzee aliyeishi na kondoo husikia kondoo.”

“Baba...”

“Weka fimbo chini. Utamchapa mtoto kwa sababu ya masikio yangu?”

Mwalimu Samweli alinitazama. Nadhani alijua. Mimi niliangalia chini, nikachora mavumbi kwa kidole cha mguu, nikanyamaza. Baba aliiweka fimbo, akaingia ndani, na hakutoka mpaka wakati wa chakula.

Neno la babu likapokelewa kama lilivyo. Mnadani, visimani, mpaka huko Unyambwa kwa ndugu za bibi, habari ikawa kwamba Ntandu amezeeka, hasikii vizuri, alimpelekea mzungu kondoo wa mvua. Muda si mrefu wazee wenzake wakaja. Walikaa vizuri, walikunywa maziwa yao, wakasema kwa heshima kwamba kazi ile inahitaji mtu anayesikia, na kwamba wamefikiri iende nyumba nyingine. Babu akasema ni sawa. Bibi hakumkumbusha alichomwambia mlangoni, lakini alikuwa anaosha vibuyu na alivigonganisha sana siku hiyo.

Kondoo naye? Hilo ni jambo la kuchekesha, kama ningeweza kucheka. Katika wote waliocheka kanisani, hakuna hata mmoja aliyethubutu kumfungua. Walisema hawaamini tena mambo ya jabalini, lakini Jumapili walipita mlangoni kwa ubavu ili wasiguse kamba. Alikula nyasi za ukuta mpaka kanisa likawa na dirisha jingine. Aliyempa maji ni Mwalimu Samweli, na jioni alimsogeza ndani kwa kung'oa na kusogeza ile nguzo ndogo aliyofungiwa, nguzo na kamba na kondoo vyote pamoja, bila kufungua fundo. Siku moja nilimkuta akihangaika nayo.

“Najua ni kondoo tu,” aliniambia kwa Kiswahili, uso umemshuka. “Najua kabisa. Lakini mkono unakataa.”

Mwisho wake ulikuwa mdogo. Mwalimu alisafiri kwenda kwao, kondoo akabaki nje, na asubuhi pakakutwa nyayo za fisi na kipande cha kamba, fundo bado limekaza. Mvua ikaja baada ya hapo, ila ilikuja kama mgeni anayefika matanga yameshaanuliwa. Uwele ulikuwa umekwisha, majani ya mifugo yakaota. Wa jabalini walisema ardhi imejichukulia chake. Wa kanisani walisema ni maombi. Babu hakusema kitu, kwa sababu haikuwa tena kazi yake.

Nilikaa na jambo hili miaka. Nilisoma kwa Mwalimu Samweli, Kiswahili changu kikatoka mnadani kikaingia vitabuni, na kila neno nililoelewa upya lilinirudisha pale mlangoni. Nilipokuwa msichana mkubwa, karibu na kubatizwa, nilimwendea babu. Alikuwa amekaa juani anapukuchua mahindi, macho yamefifia, lakini masikio yake, Mungu ni shahidi, yalikuwa yanasikia kuku akikanyaga jani.

“Babu, siku ile ya kondoo. Hukusikia vibaya. Mimi ndiye niliyesema vibaya.”

“Nilijua, mke wangu. Nilijua palepale mlangoni, walipocheka mara ya pili.”

“Mbona ulisema ni masikio yako?”

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

“Masikio yangu yalikuwa yameshazeeka,” alisema. “Ulimi wako ulikuwa bado unaota. Ungechapwa siku ile, usingetafsiri tena.”

Nililia. Akaniambia niache kulia kwenye mahindi, yataoza.

Wakati ule wa mafundisho ya ubatizo, mwalimu alitueleza kwa muda mrefu habari ya mtu aliyebeba kosa lisilo lake, akanyamaza, akaachwa na walio wake, ili wenye kosa wapone. Wenzangu waliuliza maswali mengi, wengine walisema jambo hilo haliingii akilini. Mimi sikuuliza hata moja. Nilikuwa nimeshamwona amekaa juu ya jiwe nje ya kanisa, na mimi pembeni yake namwonea aibu.

Babu alikufa bila kubatizwa. Tulimzika na kaniki ileile. Baba alikuwa Yohana kwa watu wote, lakini kaburini alilia akijiita Mughenyi.

Sasa mimi ni mzee, na huketi mbele. Kanisa letu lina bati na sakafu ya saruji. Mchungaji wetu ni kijana wa huku kwetu, na kwao wana ng'ombe wengi, jambo ambalo hunifurahisha kwa sababu ambayo siwezi kumweleza. Anapoinua kikombe na kumtaja Mwana-kondoo, wenzangu wote hufumba macho. Mimi sifumbi. Nageuka kidogo nikatazama mlangoni, kama kuna mtu amesimama pale na kondoo wake, ili safari hii awepo wa kumwambia karibu.